Kuihamisha Programu ya Wanaotafutwa

Ujumbe ulitoka kwa watu wa Ulaya waliokuwa wanatuhifadhia programu yetu kwenye mashine zao, na ulikuwa mfupi. Python ya pili, lugha ambayo programu ilikuwa imeandikwa nayo, imezeeka. Walioitengeneza wanaacha kuitunza. Mashine mpya hazitaipokea. Mwaka ukiisha, atakayekuwa bado anaitumia ataamka akute imezimwa. Kisha wakatutakia kazi njema.

Niliusoma nimesimama, kwa sababu kiti changu nilikuwa nimempa mama mmoja aliyetoka upande wa Oicha kumtafuta kaka yake. Aliniangalia usoni akadhani nimesoma habari za huyo kaka.

"Ni mubaya?" akauliza.

Nikamwambia hapana, ni mambo ya mashine tu. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nikaona haya, maana nilijua kwamba mambo ya mashine na mambo ya kaka yake yalikuwa yamefungwa pamoja.

Ofisi yetu ilikuwa katika komini ya Kimemi, mjini Butembo, chumba cha nyuma katika jengo la Kanisa, dirisha likitazama barabara ya wauza makaa na magodoro. Miaka ile waasi walikuwa wanaua watu katika vijiji vya Beni, mashambani na njiani, kwa panga zaidi kuliko kwa bunduki. Walionusurika walishuka kwetu kwa miguu, kwa pikipiki, juu ya malori ya mbao. Katika kukimbia familia zinakatika. Mtoto anashika mkono wa jirani badala ya mkono wa mama yake, anafika mji mwingine, analelewa na watu asiowajua. Sisi tulikuwa tunawaandika wote: wanaotafuta, wanaotafutwa na waliopatikana. Kulikuwa na kituo Butembo na kingine Beni, na programu ilikuwa inalinganisha walioandikwa huku na walioandikwa kule, ituonyeshe nani huenda ni wa nani.

Kwa nchi yetu hiyo si kazi rahisi. Kwetu sisi Wanande jina la mtoto linafuata zamu yake ya kuzaliwa. Wasichana wote waliozaliwa wa kwanza wana majina yaleyale, wa pili wana yao, wa tatu wana yao, na wavulana vilevile. Simama sokoni uite jina la msichana wa tatu: nusu ya soko itageuka. Kinachobaki cha kumtofautisha mtu ni jina la ubatizo, jina la mama, kijiji, umri. Na umri wenyewe wengi hawaujui.

Programu iliyojua mambo hayo hatukuinunua popote. Iliandikwa na mwalimu mmoja wa hesabu wa Beni, nasi tulimwita Mwalimu tu. Hakuwa Mnande. Serikali ilimtuma kutoka Kasai, zamani, aje kufundisha sekondari. Akaja na mkewe na binti zao wawili, akapanga nyumba Bungulu, akajifunza Kiswahili chetu na kukichanganya na Kifaransa na Kilingala cha wanajeshi mpaka kikawa chake peke yake. Mimi alikuwa ananiita mamu, kama wanavyowaita wanawake kwao kwa heshima, ingawa ningeweza kuwa binti yake.

Asubuhi moja ya kawaida mkewe alipanda gari kwenda Mbau kununua mawese pamoja na wachuuzi wengine. Gari lilipatikana limechomwa. Maiti za wenzake zilipatikana, yeye hakuonekana, hai wala maiti. Mwalimu alizunguka hospitali, kambi za jeshi na maparokia akiuliza, na kila mahali alikuta watu wakitafuta majina kwa kidole, karatasi baada ya karatasi. Ndipo alipoketi mbele ya kompyuta kuukuu ya shule akaanza kuandika. Mtu wa kwanza kuingizwa katika programu ile alikuwa mkewe. Hakuwahi kulificha jambo hilo. Kila siku kabla ya kwenda darasani alikuwa anaiuliza kama amepatikana.

Kwa hiyo nilipompigia simu nilikuwa nimejiandaa, lakini si vya kutosha.

"Mwalimu, ba Ulaya banatuandikia. Python ya pili inakufa. Tunapashwa kuhamisha programme."

Nyuma yake nilisikia wanafunzi wakisoma kwa sauti moja.

"Nani anasema inakufa? Hapa kwangu inatembea muzuri."

"Inatembea leo. Mwaka ukiisha, banazima."

"Mamu, hapana guse ile kitu. Nakuomba. Mutu akivunja ukuta ju ya kupaka rangi mupya, nyumba inaanguka."

"Nitagusa copie tu, Mwalimu. Yenyewe itabakia."

"Copie? Bibi yangu hana copie."

Akakata simu.

Nikaanza peke yangu. Kuhama kutoka Python ya pili kwenda ya tatu, mwanzoni, hakuhitaji akili nyingi kuliko subira. Ni kama kuchagua mawe ndani ya maharagi. Hapa unaongeza mabano, pale unabadilisha neno. Hesabu ya kugawanya nayo imebadilika: ile ya zamani ukigawa saba kwa mbili inakupa tatu na kuitupa nusu bila kukuambia, mpya inakupa tatu na nusu. Nilikuwa nafanya kazi umeme ukiwepo, na usipokuwepo nilikuwa nikimwomba mlinzi awashe groupe, jenereta yetu, ambayo moshi wake uliingia dirishani na kukaa nasi chumbani kama mgeni.

Hakuna programu inayosimama peke yake. Yetu ilikuwa inaegemea paketi, yaani vipande vilivyoandikwa na watu wengine duniani na kutolewa bure. Nyingi zilikuwa zimekwisha kuhamishwa na wenyewe. Unachukua mpya, unajaribu, unaendelea. Moja haikuhama. Ndiyo iliyokuwa inalinganisha milio ya majina, ikajua kwamba aliyeandikwa kwa b na aliyeandikwa kwa v wanaweza kuwa mtu mmoja. Mwenyewe aliiacha zamani, na hakuna aliyejua aliko. Mwalimu alikuwa ameikarabati kwa mkono wake ili ielewe Kinande, na kwenye mashine ya Ulaya alikuwa ameweka ile nakala iliyokwisha kugeuzwa kuwa tarakimu za mashine, isiyosomeka na mtu. Maandishi yenyewe yalikuwa mahali pamoja tu, katika kompyuta ya nyumbani kwake Bungulu.

Nilimwomba ayatume. Hakujibu. Nikamwomba tena. Akajibu kwamba réseau, mtandao, ni mbaya. Hapo hakudanganya, réseau ya Beni ilikuwa mbaya kweli, ila wote wawili tulijua kwamba sababu haikuwa hiyo.

"Nitaenda Beni," nikamwambia mama yangu.

Mama anauza vitenge sokoni, na hakuwahi kuielewa kazi yangu. Butembo ni mji wa biashara; mtu ana duka, au ana shamba Lubero, au ana vyote viwili. Nilipomaliza masomo ya informatique, yaani ya kompyuta, aliniuliza ninauza nini. Safari hii aliacha kukunja vitenge.

"Watu banatoka Beni, weye unaenda. Utakufa ju ya mashini?"

"Hapana ju ya mashini, mama."

"Basi ju ya nini?"

Alinifungia viazi vya kuchemsha na akanipaka maji ya baraka kwenye paji la uso, kwa nguvu, kama anayenipiga.

Barabara ya Beni si ndefu. Ila miaka ile kila kona yake ilikuwa na habari yake, na abiria walizijua zote. Palikuwa na Ebola pia. Kwenye kila barrière, kizuizi cha barabarani, tulishuka, tukanawa mikono kwa maji ya klori, tukapimwa joto kwenye paji la uso kwa kile kidude kinachofanana na bastola, na watoto walikuwa wakilia kila kilipoelekezwa kwao. Mwanajeshi mmoja aliufungua mfuko wangu. "Okei wapi, mama?" Nikamwambia Beni, kazini. Aliigeuza kompyuta yangu juu chini kama anayetafuta shimo la risasi, akanirudishia. Tulipofika Kabasha, mahali palipoogopwa kuliko pote, mama mmoja alitoa rozari, na gari zima likaitikia, hata dereva.

Mwalimu alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. Hakuwa amekasirika, alikuwa amekonda.

"Umekuja kweli, mamu."

Binti zake walinipa fufu na makayabu, samaki wa chumvi. Mkubwa alikuwa anamaliza sekondari, mdogo alikuwa bado na aibu za kitoto. Tulizungumza habari za njia, za ugonjwa, za bei ya kakao. Kompyuta ilikuwa mezani kando ya dirisha, imefunikwa kitenge ili vumbi lisiingie, na Mwalimu alikuwa ameketi kati yangu na meza hiyo, kama mlinzi.

Nilimweleza tena. Nilimwonyesha ujumbe. Aliusoma taratibu, midomo ikitembea.

"Naelewa," akasema. "Mimi ni mutu wa hesabu, naelewa kabisa. Mais sikia. Hii kitu niliiandika wakati nilikuwa silale. Kuna mahali mule ndani hata mimi sijue tena inafanya je. Ukibadilisha, inaweza kumupita bibi yangu pembeni, na hatutajua. Itasema hakuna, na tutaamini."

Ndipo binti mkubwa alipozungumza, akiwa anakusanya sahani, bila kumwangalia baba yake.

"Papa, na bakizima, mama atabakia wapi?"

Mwalimu alisimama, akakiondoa kitenge, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kabati. Akanivutia kiti.

Siku zilizofuata tulikaa bega kwa bega. Ilikuwa kweli kwamba kuna sehemu alikuwa hazijui tena. Alikuwa anasoma mstari wake mwenyewe kama anayesoma mwandiko wa marehemu. Lakini pale alipokumbuka, alikumbuka na siku yenyewe. "Hii niliandika ile siku balizika batu wa Rwangoma." "Hii, mutoto alikuwa na malaria." Mimi nilikuwa nimezoea kwamba programu haina siku ndani yake.

Tatizo kubwa la kwanza lilitokea pale programu inapowapanga watu kwa umri. Python ya zamani ilikuwa inakubali kulinganisha namba na pahali patupu. Kama umri wa mtu haujaandikwa, haikuuliza chochote, ilimweka mbele ya wengine wote, ikaendelea. Ile mpya inakataa katakata. Inasimama hapohapo na kusema vitu hivyo viwili havilinganishiki. Na watu wetu wasio na umri walikuwa wengi: vikongwe waliozaliwa kabla ya karatasi, na watoto wachanga waliookotwa.

Nilimpigia Ma sœur, mtawa aliyesimamia ofisi yetu Butembo, kumwambia kwamba tutachelewa. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Wageni wanaotusaidia walikuwa wanakaribia kuja, na alitaka waione programu mpya ikifanya kazi.

"Basi bale hawana umri, muwaruke kwanza," akasema. "Mutabarudisha kisha."

Simu ilikuwa imefunguliwa sauti, na Mwalimu alisikia. Mkewe alikuwa na umri wake kamili, siku, mwezi na mwaka. Jambo hilo halikumhusu. Lakini aliuinamia mdomo wa simu.

"Ma sœur, mutu akirukwa kwanza, hakuna siku anarudishwa. Mimi niko mwalimu wa État. Najua."

Ma sœur alicheka bila kupenda. Mishahara ya walimu wa serikali ilirukwa mwezi baada ya mwezi, na kila mtu alijua. "Fanyeni mnavyoona," akasema.

Simu ilipokatika nilimuuliza Mwalimu kama zamani aliwaweka mbele makusudi, wale wasio na umri.

"Hapana," akasema. "Ilikuwa desturi ya ile lugha. Mimi niliona tu banakuja juu, nikasema, tiens, ni muzuri, bazee na batoto kwanza. Sikuandika."

"Sasa tunapashwa kuandika."

"Basi andika, mamu. Andika wazi, ili mutu wa kesho aone kama tulifanya kwa kupenda."

Nikaandika. Ulikuwa mstari mmoja, na juu yake Mwalimu aliongeza maelezo kwa Kifaransa cha darasani.

Kisha ikaja siku ya ville morte. Vijana walikuwa wamefunga mji kwa hasira ya mauaji. Matairi yalikuwa yanawaka kwenye mizunguko ya barabara, maduka yote yalifungwa, hakuna pikipiki. Kabla ya saa sita mchana tukasikia milio ya bunduki upande wa msitu, kwanza moja moja kama mtu anayepasua kuni, kisha mfululizo. Barabara ya mbele ya nyumba ikajaa watu wanaotembea haraka bila kusema. Kuna aliyebeba godoro, kuna aliyebeba mbuzi, kuna mwanamke aliyebeba sufuria bado ya moto, akiihamisha mkono hadi mkono. Mwalimu alifungua geti la parcelle, kiwanja cha nyumba yake, akasimama kando. Hakuita mtu. Waliingia wenyewe, wakakaa ukutani, mpaka ua ukajaa.

Nilitaka kufunga kompyuta na kukimbia, ila sikuwa na pa kukimbilia. Barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa pande zote mbili.

"Tuendelee," Mwalimu akasema.

"Sasa?"

"Tukikaa bila kazi, tutasikia bunduki tu."

Tuliendelea. Tatizo lililobaki lilikuwa la herufi. Python mpya ilikataa kuyasoma majina ya ubatizo ya Kifaransa, yale yenye é na ï, mpaka tuiambie kila moja limeandikwa kwa mtindo gani. Niliyakagua, nikaona jambo lililonitoa jasho. Kompyuta ya shule ya Beni ilikuwa inaihifadhi é kwa namna moja, na zetu za Butembo kwa namna nyingine. Kwenye kioo zote zilionekana é ileile. Python ya zamani haikuuliza, ilizilinganisha tarakimu zilizo chini, ikaona hazifanani, ikasema ni majina mawili tofauti. Mtoto akiandikwa Butembo na mama yake akiandikwa Beni, kwa jina lilelile la ubatizo, programu ilikuwa imewatenganisha.

Nilimweleza Mwalimu. Aliniangalia nikiandika masahihisho, kituo kwa kituo. Kisha tukaiachia ilinganishe watu wote upya.

Majina yalianza kutoka. Hayakuwa mengi, ila yalikuwa mapya. Watu wawili wawili ambao hatukuwahi kuwaona pamoja. Wa juu kabisa alikuwa mwanamke asiye na umri, anayemtafuta mjukuu wake: msichana wa tatu kwa mama yake, jina la ubatizo lenye é mbili. Na pembeni yake, msichana aliyeandikwa Butembo tangu mvua za mwaka uliopita, anayelelewa na familia ya wafanyabiashara karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda. Kijiji kilekile. Jina la mama lilelile.

"Namjua ule koko," Mwalimu akasema polepole; koko kwetu ni bibi kizee. "Anakaa parcelle ya tatu toka hapa. Anakuja kuniuliza kila juma. Kila juma namwambia hakuna."

Alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama katikati ya watu waliokaa ukutani, amewapa mgongo wote, anatazama bati la jikoni. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Mutafute bibi yangu," akasema.

Jina la mkewe halikuwa na é wala ï, kwa hiyo masahihisho yale hayakumhusu. Alijua, nami nilijua. Niliandika jina hata hivyo, nikabonyeza, tukangoja. Hakuna aliyefanana naye. Mwalimu aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyejibiwa salamu, akaniambia nisonge mbele kwa wengine.

Yule koko alikuwa ndani ya ua uleule. Naye alikimbia na wengine. Alikuwa mwembamba, mwenye koti la kiume, na miguu iliyojaa vumbi jekundu. Tulipiga magoti mbele yake, kwa sababu hakukuwa na kiti. Nilimweleza kwa Kinande, pole pole, na sikumwambia ni hakika. Nilimwambia kuna msichana Butembo anayefanana na mjukuu wake. Hakulia. Aliuliza mtoto ana kovu gani. Nilisoma: kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto. Akafunga macho.

"Tangu lini iko kule?" akauliza kwa Kiswahili, akimwangalia Mwalimu.

Mwalimu angeweza kusema leo. Alimwambia ukweli.

"Tangu mwaka jana, koko. Ni mashini yangu. Ilikuwa haijue kusoma."

Koko alifunga vifungo vya koti lake.

"Hata mimi sijue kusoma," akasema. "Twende."

Hatukwenda siku hiyo wala siku iliyofuata. Tulipoweza kusafiri, Mwalimu aliomba ruhusa shuleni akaja nasi, na njiani koko alikuwa anapimwa joto kwenye kila barrière akiwa amesimama wima kama mwanajeshi, akiogopa asije akazuiwa.

Nilikuwa nimeona kukutana kwingi, na najua hakufanani na picha ambazo wageni walipenda kupiga. Msichana alikuwa amevaa sare ya shule. Alimtambua nyanya yake mara moja, hilo lilionekana usoni, kisha akajificha nyuma ya mama aliyekuwa anamlea, akashika sketi yake kwa mikono yote miwili. Mama huyo alianza kulia kabla ya mtu yeyote. Koko alisimama mlangoni na koti lake. Helikopta ilikuwa inatua Rughenda na kelele yake ilitufunika sote, tukangoja ipite, kila mtu akitazama chini.

"Anakula?" koko akauliza baada ya kelele kwisha.

"Anakula muzuri," mama mlezi akajibu.

"Anasoma?"

"Iko wa tano mu darasa."

"Wasingia," koko akasema, asante kwa Kinande, akaketi kwenye kizingiti bila kukaribishwa. Hakumwita mtoto. Alitoa ndizi mbivu kwenye mfuko wa koti akaanza kuimenya. Baada ya muda msichana alitoka nyuma ya sketi, akaja akakaa mbali kidogo naye, kwenye kizingiti hichohicho.

Walikubaliana koko akae palepale, katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya sabuni. Haikuwa rahisi. Kwa miezi mingi mtoto hakutaka kulala naye, na mama mlezi alikuja ofisini zaidi ya mara moja kulalamika kwamba koko anamkosoa jinsi anavyosonga fufu. Lakini walikaa.

Wengine walioonekana siku ile hawakuwa na bahati hiyo. Kulikuwa na baba aliyekuwa amemtafuta mwanawe. Tulipompata mtoto, baba alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa, kambini. Nilikwenda mwenyewe kumwambia mvulana yule kwamba alikuwa akitafutwa. Nilidhani itamsaidia kujua. Sijui kama ilimsaidia. Aliniuliza kwa nini sikuja mapema.

Programu mpya iliwashwa kabla ya mwaka kwisha. Wageni walikuja, wakaiangalia, wakauliza kama ina rangi nyingine. Ma sœur aliwajibu kwa adabu. Siku watu wa Ulaya walipozima ile ya zamani hatukupokea hata ujumbe. Nilijaribu kuifungua asubuhi nikakuta ukurasa mweupe, nikampigia Mwalimu kumwambia imekwenda. "Iende salama," akasema, na akanirudisha kwenye swali la kijiji fulani kinachoandikwa kwa namna tatu.

Mwaka uliofuata, vita vikiwa bado havijaisha, shule yake ilipokea barua kwamba walimu waliotoka mbali wanaweza kuomba kurudi mikoa yao. Wenzake wa Kasai wote waliomba. Yeye hakuomba. Badala yake alikuja Butembo Jumapili moja, amevaa koti na tai, na binti zake wawili wamevaa kitenge kimoja, akaomba Misa isomwe kwa ajili ya mkewe, pamoja na marehemu wengine. Padri alipotaja jina lake katikati ya majina mengi, binti mdogo alishika mkono wa dada yake. Mwalimu alikuwa anatazama mbele tu.

Baada ya Misa walikula nyumbani kwetu. Mama yangu aliwapikia sombe na nyama, na hakumuuliza Mwalimu anauza nini. Nilipomsindikiza hadi mahali magari ya Beni yanapopakia, niliuliza lililokuwa linanisumbua tangu kanisani.

"Mwalimu, mu programme nimuandike je? Nibadilishe, niandike marehemu?"

Alikuwa anahesabu mifuko yao ipakiwe. Hakugeuka haraka.

"Kanisani nimemuombea apumuzike," akasema. "Mu mashini umuache vile iko."

Dereva alikuwa anawahimiza, kwa sababu baada ya saa tisa barrière ya mwisho hairuhusu magari kupita. Binti mkubwa alikaa kando ya dirisha, mdogo akapakatwa ingawa alikuwa mkubwa wa kutosha kukataa. Mwalimu alipanda mwisho, akafunga mlango kwa kamba, kwani kitasa kilikuwa kimevunjika. Nilirudi kwa miguu hadi ofisini. Kulikuwa na watu kutoka upande wa Eringeti waliofika asubuhi hiyo, wanangoja kuandikwa, na hakuna aliyekuwa na funguo ila mimi.